Miguu ilikuwa mizima, Shangazi, lakini nilipanda basi

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 38, mhasibu katika ofisi moja hapa Dar es Salaam, mama wa binti mmoja wa miaka tisa. Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Naona aibu kulichukulia nafasi kwenye safu yako wakati wenzangu wanakuletea habari za ndoa na mirathi, lakini limenikaa kooni miezi sasa.

Nilianza kukimbia miaka minne iliyopita. Presha ilikuwa inapanda, jirani akanivuta kwenye klabu yao ya jogging. Jumamosi ya kwanza nilikimbia kutoka Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite, nikarudi kwa bajaji. Leo klabu ile ni ukoo wangu wa pili. Tunazikana, tunachangiana harusi, tunajua nani anadaiwa na nani. Nimekimbia nusu marathoni sita na zote nimemaliza. Basi nikajiona nimeiva, nikajiandikisha kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi.

Mazoezi nilifanya, Shangazi, sikudanganya huko. Mbio yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kilomita 28, kwa dakika saba kila kilomita, nikafika nyumbani nikafua na nguo.

Siku yenyewe tuliondoka pale Chuo Kikuu cha Ushirika asubuhi mapema, Mlima uko wazi na kofia yake nyeupe, muziki unapiga, mtangazaji ameshakaukiwa sauti kabla hata hatujaanza. Kilomita kumi za kwanza sijui zilikwenda wapi. Saa yangu ilionyesha dakika 61. Tulikimbia ile barabara kuu inayoelekea Dar, tukageuka, tukarudi mjini, na nusu ya safari niliipita kwa saa 2 na dakika 12. Wanaklabu walikuwa pale na vuvuzela. Niliwapungia mkono. Picha ipo, nacheka meno yote nje.

Halafu tukaanza kupanda barabara ya Mweka.

Sijui nikueleze vipi, maana hapakutokea kitu. Kifua hakikubana. Goti halikuuma. Watu wa nusu marathoni walikuwa wanateremka upande wa pili, wanaenda kumaliza zao. Kelele za mjini zikafifia. Ikabaki migomba kushoto na kulia, raba za mtu mmoja nyuma yangu zikigonga lami, na jogoo ambaye hakujua saa. Jua likaanza kuniuma shingoni. Mtoto mmoja alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaniuliza, "Mama, unaenda wapi?" Nilishindwa kumjibu. Kwa kweli nilikuwa naenda wapi? Naenda juu, nigeuke, nirudi nilikotoka.

Kuanzia pale nikawa najiuliza vitu vya ajabu. Nani alinituma? Mashuka niliyoanika nyumbani, nani ataanua? Kilomita bado 18, halafu nikizimaliza, nini? Sikuwa na huzuni. Nilikuwa kama redio iliyozimwa. Nilipofika kwenye kibao cha kilomita 26 nikasimama kando ya barabara, kama mtu anayesubiri daladala. Basi la kuokota watu likaja, kijana akachungulia, "Dada, tatizo nini?" Nikasema, "Msuli."

Neno lile sijui lilitoka wapi.

Kwenye hema la huduma ya kwanza mama mmoja wa makamo alinilaza, akaniuliza mguu gani. Nikasema wa kulia. Akanifunga mfuko wa barafu kwenye paja ambalo halikuwa na kosa lolote, akawa ananibembeleza, "Pole mwanangu, umejitahidi." Barafu ikayeyuka ikanilowesha hadi mgongoni, mimi nalia, yeye anadhani ni maumivu.

Nikawa nachechemea. Ofisini nachechemea, kanisani nachechemea. Klabu wakachanga, wakanilipia mzee wa kuchua misuli mara tatu. Mara ya tatu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Huu msuli mbona laini?" Na binti yangu jikoni, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake: "Mama, jana ulikuwa unachechemea mguu ule mwingine."

Sasa wamenichagua niwe mlezi wa wale wanaoingia 42 kwa mara ya kwanza. Wiki iliyopita msichana mmoja wa miaka 23 aliniuliza baada ya mazoezi, "Dada, mwanzo naujua, mwisho nauona kwenye picha za watu. Katikati pakoje?" Nikamwambia anywe maji ya kutosha.

Najua utaniuliza habari za chakula. Usiku ule sikula, tumbo lilikuwa na wasiwasi. Alfajiri nilikunywa chai na slesi mbili za mkate. Njiani maji tu, kila kituo, sikuruka hata kimoja. Na kwa kuwa najua utauliza hili pia: nyumbani sijambo, kazini sijambo, silali vibaya.

Ninachotaka kujua, Shangazi: mimi ni mvivu? Wenzangu wanasema habari za "ukuta" wa kilomita ya 30 na kitu, pale mwili unapoishiwa nguvu ghafla, lakini mimi huo ukuta sikuufikia hata kuugusa. Je, ni mwili au ni akili? Na je, niseme ukweli? Kwenye grupu letu la WhatsApp kila wiki lazima mtu atume picha ya mzee Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa Olimpiki, na bandeji yake mguuni. Kila nikiiona naiona barafu yangu.

Ni mimi,
Mwenye Paja Zima, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Barua za mirathi ninazo za kunitosha mpaka Pasaka, kwa hiyo usijilaumu kwa nafasi. Nimecheka sana kwa yule mzee wa kuchua, nikarudi kusoma tena pale kwa mtoto na ndoo yake, na hapo sikucheka.

Wewe ni mhasibu, tuanze na vitabu vyako. Mazoezini ulikuwa unakimbia kilomita kwa dakika saba. Siku ya mbio ukakimbia kumi za kwanza kwa dakika sita na sekunde sita kila moja. Tofauti ni sekunde 54, zidisha kwa kumi: dakika tisa. Hizo dakika tisa uliona umezipata. Ulizikopa, mama, na mkopeshaji alikuwa anakusubiri barabara ya Mweka, mahali ambapo njia inapanda na jua limeshatoka. Haya si makosa yako peke yako. Barabara ile ya kwenda Dar imelala kama mkeka, watu ni wengi, muziki, unajikuta umebebwa. Marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia kule Chicago Oktoba 2023, alikimbia nusu ya kwanza kwa dakika 60 na sekunde 48, na nusu ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47. Mtu aliyekuwa na mbio kuliko binadamu wote alijizuia mwanzoni. Mimi na wewe tunaanza kama tumefukuzwa na nyuki.

Sasa chakula, na hapa naomba usome polepole, maana nadhani jibu la uvivu wako liko hapa zaidi ya mahali pengine.

Mwili huweka akiba ya sukari sehemu mbili kubwa: kwenye misuli na kwenye ini. Watu wengi wanajua hilo. Wasilolijua ni kwamba msuli ni mchoyo. Sukari ikishaingia kwenye paja, haitoki tena kwenda kumsaidia jirani. Paja litaitumia lenyewe. Ini ndilo lenye ukarimu, ndilo linalomimina sukari kwenye damu, na ubongo unaitegemea sana sukari hiyo ya damu. Usiku ukiwa umelala, ini linaendelea kuulisha ubongo, kwa hiyo asubuhi ghala lake limepungua sana. Wewe ulilala bila kula. Ukaamka ukaliwekea slesi mbili. Halafu ukakimbia saa mbili na dakika arobaini na kitu, mwanzo kwa kasi isiyo yako, na kadiri mtu anavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyochoma sukari zaidi na kuacha mafuta. Njiani hukutia kitu mdomoni zaidi ya maji.

Siwezi kukupima kupitia barua. Lakini nikikisia, pale kwenye kibao cha 26 mapaja yako yalikuwa bado na akiba yao, na kichwa chako kilikuwa na njaa. Ndiyo maana hakuna kilichouma. Ubongo wenye njaa hauumi. Unakosa hamu, unaona kila kitu hakina maana, unaanza kuwaza mashuka. Ukaniuliza ni mwili au ni akili, kana kwamba ni viwanja viwili vyenye hati mbili. Akili yako inakula chakula kilekile unachokula wewe.

Kwa hiyo safari ijayo: siku moja kabla, kuanzia mchana, ule wali wako, viazi, ugali, ndizi, vitu ulivyovizoea, usingoje usiku wakati tumbo limeshaingia hofu. Asubuhi uamke mapema zaidi, kama saa tatu kabla ya kuanza, unywe uji na ule mkate wa maana. Njiani uanze kula kabla hujasikia njaa, ndani ya saa ya kwanza. Kiasi wanachoshauri wataalamu kwa mbio kama hizi ni kati ya gramu 30 na 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina kama gramu 25, tende ndogo nne au tano zinakaribia hapohapo, soda ya mililita 300 ni kama gramu 30. Mimi nilikuwa nafunga tende kwenye leso na kuipachika kiunoni, wenzangu wakinicheka kwamba nimekuja kufuturu. Jaribu mazoezini kwanza, usije ukalifundisha tumbo somo jipya siku ya mtihani. Na hayo maji ya kila kituo, punguza. Kunywa ukisikia kiu. Mtu anayekimbia taratibu kwa saa tano akijaza maji matupu mfululizo anaweza kuizimua chumvi ya damu, na hilo limewahi kuua watu.

Lakini nikikuacha hapo nitakuwa nimekupa nusu ya jibu, kwa sababu hata aliyeshiba hupita pale kwenye migomba na kukuta hakuna mtu.

Nimekimbia 42 mara saba kabla magoti hayajanistaafisha. Mwanzo nazikumbuka zote. Kumaliza nakumbuka, mpaka ladha ya chungwa nililopewa. Ukiniuliza kilomita ya 17 hadi 30, katika mara zote saba nina kumbukumbu moja tu: baba mmoja kwenye baiskeli, amefunga mkungu wa ndizi nyuma, anapanda kilima kilekile ninachopanda mimi. Alinipita. Hakunitazama. Alikuwa anapeleka ndizi sokoni au kwa shemeji yake, sijui, ila alikuwa na shughuli. Mimi nilikuwa na namba kifuani. Nilimwonea wivu yule baba, mwanangu, mpaka leo naiona ile kamba ya katani aliyofungia mkungu.

Nilichukua miaka kuelewa kwa nini nilimwonea wivu. Mwanzo wa mbio una kazi yake, unatafuta nafasi, unajizuia, unasalimiana. Mwisho nao una kazi: unavumilia. Katikati hujapewa kazi yoyote. Hujaumia kiasi cha kuvumilia na hujakaribia kiasi cha kutumaini. Mashabiki wamebaki mjini. Mtu asiye na kazi ndiye anayeanza kuuliza nani alinituma.

Mzee Akhwari, basi, kwa kuwa wanakutumia picha yake kila wiki. Naipenda sana picha ile, lakini sipendi inavyotumiwa kuwachapa watu. Tuikumbuke habari yenyewe. Marathoni ya Olimpiki, tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka karibu na kilomita ya 19 wakati wakimbiaji wakigombea nafasi, goti likaumia vibaya, bega likagonga lami. Mamo Wolde wa Ethiopia akashinda kwa saa 2 dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, akitumia saa 3 dakika 25 na sekunde 27, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Picha ni ya pale uwanjani. Maneno yake maarufu, kwamba nchi yake haikumtuma kule kwenda kuanza mbio bali kuzimaliza, aliyasema baada ya kumaliza. Ila alianguka kwenye 19, mwanangu! Ina maana alikimbia na kuchechemea kama kilomita 23 ambazo hakuna mtu anazisimulia. Kilomita ya 24 aliwaza nini? Ya 27? Hakuna picha. Na jambo jingine wanalosahau kwenye grupu: mzee yule hakuwa mtu wa bandeji tu. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano kwenye marathoni kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 5. Alikuwa fundi, amezoea kuwa katikati ya mbio. Hata Alphonce Simbu wetu, alipotwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 2025, sote tulipiga kelele kwa zile hatua za mwisho zilizoamuliwa kwa picha. Niambie nani mtaani kwenu anajua kilichotokea kilomita ya 23.

Basi jipe shughuli, kama yule baba wa ndizi. Nitakuambia zangu, wewe utatafuta zako. Kuanzia 17 hadi 21 kazi yangu ilikuwa kula, basi. Sina mawazo mengine, natafuna tende kama mbuzi. Kilima kikianza, nachagua mgongo wa mtu mmoja aliye mbele, namsoma: fulana imetoka wapi, raba zimekanyagika upande gani, ana matatizo gani nyumbani. Wakati mwingine namtungia kesi nzima, mpaka mahakamani. Akinichosha nahamia mgongo mwingine. Kila kituo cha maji natembea dakika moja, nimeipanga tangu nyumbani, nainywa ile dakika kama chai. Nasisitiza neno hilo, kuipanga. Kutembea ulikokupanga ni ratiba. Kutembea kulikokujia ghafla ndiko kunakokufikisha kituo cha daladala. Ikifika 26, natafuta mtu aliye hoi kuliko mimi nimsemeshe. Yupo siku zote. Pengine yule wa raba zilizokuwa zinagonga nyuma yako alikuwa anakusubiri wewe ugeuke.

Mazoezini nako mmekosea, na hili liwafikie wote wa klabu yako. Mnakimbia makundi, mnaimba, mnapiga picha darajani. Ni raha, endeleeni. Lakini hakuna mahali mnapofanya mazoezi ya upweke. Mara moja kila wiki mbili, kimbia peke yako, bila muziki sikioni, njia mbovu isiyo na bahari ya kutazama. Vilima vya Pugu vinafaa sana. Na hili ndilo ninalolithamini kuliko yote: panga mzunguko unaopita getini kwako. Kilomita ya 15 unapita getini, unasikia sufuria jikoni, unanusa kitunguu, unaendelea. Ya 20 unapita tena. Binti yako amekaa barazani anakutazama. Ya 25 tena. Ukiweza kupita geti lako mara ya tatu bila kuingia, Mweka itapata kazi ngumu kukusimamisha.

Kupanda basi kwenyewe hakuna aibu. Ukihisi kizunguzungu, ukaanza kusikia baridi wakati jua linawaka, ukasahau ulipo, kifua kikabana, basi ni lako, panda na ukae kiti cha mbele. Umeniambia nyumbani na kazini hujambo, na nimefurahi umelisema bila kuulizwa. Siku ule uzimaji wa redio ukikujia Jumanne mezani, bila mbio yoyote, usiniandikie mimi, nenda kwa daktari.

Sasa msuli.

Uwongo wako ni wa sekunde moja, uliokuja kuhitaji miezi ya kuchechemea. Nadhani ulitoka kwa sababu kijana alikuuliza tatizo nini, na Kiswahili chote ulichonacho hakikuwa na jina la lile ulilokuwa nalo. Msuli tunao. Goti tunalo. "Nimekuwa kama redio iliyozimwa" hakuna fomu ya huduma ya kwanza yenye kisanduku chake. Nakuelewa. Lakini watu walichanga pesa, na hilo ni deni, wewe unajua kuliko mimi.

Anza na mumeo, leo, mkiwa mnaosha vyombo au popote msipotazamana sana. Nina wasiwasi binti yako ameshamtangulia. Kisha mwenyekiti wa klabu, ana kwa ana, usiandike kwenye grupu. Kwenye grupu utajibiwa na vikatuni thelathini na picha nyingine ya mzee Akhwari. Mwambie ulichoniambia mimi, na umwambie ile gharama ya kuchuliwa mara tatu utaiweka kwenye mfuko wa atakayeumia kweli. Atakasirika kidogo, au atacheka, au atakuambia naye aliwahi. Mimi ningebashiri la tatu. Wakitaka kukuvua ulezi, wakuvue, ingawa sidhani klabu nzima kuna mwingine anayeweza kuwaeleza wageni kinachotokea baada ya vuvuzela.

Na yule msichana wa miaka 23 umtafute wiki hii. Ulimpa maji, alikuwa anataka habari. Mkalishe, umhadithie kuanzia kwenye vuvuzela: kelele zinavyofifia, jogoo, mtoto juu ya ndoo na swali lake, mashuka. Mhadithie usiku ulipolala bila kula. Mwambie kibao cha 26 kipo wapi na ulisimama upande gani wa barabara. Halafu umuulize yeye atamjibu nini mtoto, maana mtoto bado yupo pale na ataendelea kuuliza. Mimi wa kwangu, miaka ile, nilikuwa nawajibu kwamba nakwenda kwa shemeji kupeleka ndizi.

Ukirudi Moshi, pitia kwenye lile hema hata kama umemaliza salama. Ukimkuta yule mama, mpe shikamoo yake. Akikuuliza paja linaendeleaje, mwambie lilikuwa zima tangu siku ile, ila barafu ilikuwa tamu sana.

Shangazi yako.